Veranda ya Mbao Iliyooza: Jinsi ya Kubadilisha Sakafu Yake kwa Usalama

Veranda ya mbao hubeba mzigo wake mkubwa siku ambayo hakuna mtu anayeiangalia. Siku za kawaida hukaliwa na watu wawili au watatu wanaokunywa chai. Siku ya ruracio, ya kipaimara au ya matanga, watu ishirini husimama juu yake kwa pamoja, hasa mvua inapowafukuza uani. Watu wazima ishirini, kila mmoja akiwa na wastani wa kilo 70, ni kilo 1,400. Mzigo huo hukaa juu ya mbao na boriti ambazo huenda hazijachunguzwa tangu nyumba ijengwe. Mbao ikiwa nzima, hakuna anayeona tofauti. Ikiwa imeoza, anayeanguka kwanza mara nyingi ni mzee aliyewekewa kiti ukutani, mahali panapodhaniwa kuwa salama zaidi, kumbe ndipo boriti zinapooza mapema.

Makala haya yanaeleza jinsi mkazi anavyoweza kuchunguza sakafu ya veranda yake, kubadilisha mbao zilizooza kwa mikono yake mwenyewe, na kutambua mapema mahali ambapo kazi si yake tena bali ni ya fundi aliyehitimu.

Kwa nini nyumba hizi ziko Nairobi

Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, nyumba za kwanza za wafanyakazi na maafisa zilijengwa kwa mbao na mabati, nyingi zikiwa zimeinuliwa juu ya nguzo fupi ili hewa ipite chini na mchwa wachelewe kuingia. Baadaye mawe ya kuchonga yalichukua nafasi ya kuta za mbao, lakini veranda iliendelea kujengwa. Hadi leo nyumba za zamani zenye veranda au sakafu za mbao zinapatikana Parklands, Westlands, Kileleshwa, Kilimani, Lavington na Karen. Nyumba ya Karen Blixen, iliyojengwa mwaka 1912 na ambayo imekuwa jumba la makumbusho tangu 1986, ni mfano unaojulikana na wengi wa makazi ya kipindi hicho.

Kwa upande mwingine, wakazi wa Kangemi, Kawangware, Riruta, Waithaka na Uthiru wanajua sakafu za mbao kwa njia tofauti: vibaraza vya maduka vilivyoinuliwa juu ya mitaro, ngazi na vijia vya ghorofani katika nyumba za kupangisha, na vyumba vya mbao na mabati kwenye miteremko ya mito. Kanuni zinazofuata zinahusu sakafu hizo zote.

Magharibi mwa jiji kuna udongo mwekundu, miti mingi na baridi ya asubuhi. Mvua kubwa hunyesha Machi hadi Mei, nyingine Oktoba hadi Desemba, na katikati, Juni hadi Agosti, kuna mawingu na manyunyu yanayozuia mbao kukauka. Hivyo ubao uliolowa Aprili unaweza kubaki na unyevu kwa miezi mingi, na hiyo ndiyo nafasi ambayo kuvu hungojea.

Mbao huoza vipi

Watu wengi husema mbao imeozeshwa na maji. Kwa hakika kinachoiozesha ni kuvu, na maji ni mlango tu wa kuingilia. Mbegu za kuvu zimo hewani kila mahali. Zikitua juu ya mbao kavu hazifanyi lolote. Unyevu wa mbao ukipita takribani asilimia 20 ya uzito wake ukiwa mkavu, na ukabaki hapo kwa muda, kuvu huanza kula nyuzi zinazoipa mbao nguvu. Ndiyo maana ubao unaolowa na kukauka siku ile ile huishi miaka mingi, lakini ubao ulio chini ya chungu cha maua, ambao haulowi sana ila haukauki kamwe, huoza upesi.

Uharibifu wa kuvu haufai kuchanganywa na wa wadudu, kwa kuwa tiba zake ni tofauti. Mbao iliyooza huwa laini, hubadilika rangi kuwa ya kahawia iliyokolea au nyeupe, na ikikauka hupasuka katika vipande vidogo vya mraba vinavyosagika vidoleni. Mbao iliyoliwa na mchwa huwa na udongo ndani yake, na nguzo huwa na vijia vya udongo vinavyopanda kutoka ardhini. Mbao yenye bungua huwa na matundu madogo ya duara na unga mwepesi unaodondoka chini. Mara nyingi matatizo haya hufuatana, kwa kuwa mbao yenye unyevu huwavutia mchwa pia.

Kuchunguza kabla ya kununua chochote

Kosa la kwanza la wenye nyumba ni kununua mbao kabla ya kujua ni ngapi zimeharibika na kwa nini. Uchunguzi unahitaji vitu vichache: bisibisi bapa, nyundo, tochi, chaki na daftari.

Ubao hugongwa kwa nyundo kila baada ya futi moja. Mbao nzima hutoa sauti kali na ya wazi. Iliyooza hutoa sauti nzito kama ya gunia. Pale sauti inapobadilika, bisibisi hudungwa kwa mkono. Ikizama nusu inchi bila kusukumwa kwa nguvu, ubao huo umekwisha, hata kama rangi ya juu bado inang'aa. Mahali hapo huwekwa alama ya chaki na kuandikwa daftarini.

Sehemu za kuangaliwa kwanza ni hizi: ncha za mbao, kwa kuwa nyuzi zilizokatwa hunyonya maji kama utambi; mahali ubao unapolalia boriti; chini ya mfereji wa paa unaovuja; chini ya vyungu vya maua na mikeka; pembeni mwa ngazi; na mwisho wa boriti unaoingia ukutani. Mahali hapa pa mwisho ndipo pa hatari kuliko pote, kwa sababu mawe hushika unyevu na ncha ya boriti haionekani kutoka juu. Ni lazima mtu aingie chini kwa tochi. Kabla ya kuingia, apige chini kwa fimbo ndefu kuwafukuza nyoka, na asiingie peke yake bila mtu wa kumngojea nje.

Huko chini huonekana pia chanzo cha tatizo. Mara nyingi ni kimojawapo cha hivi: matundu ya hewa yaliyozibwa kwa mawe ili panya wasiingie, udongo wa bustani uliorundikwa hadi kugusa mbao, bomba linalodondoka, au tope lililoachwa na mafuriko, kama ilivyotokea katika nyumba nyingi za mabondeni wakati wa mvua za masika za 2024. Chanzo kisipoondolewa, mbao mpya itaoza kama ile ya kwanza, tena mapema zaidi, kwa kuwa mbao za siku hizi hukatwa kutoka miti michanga.

Ipi ni kazi ya mwenye nyumba, ipi ni ya fundi

Baada ya uchunguzi, kazi hugawanywa katika ngazi tatu.

Ya kwanza ni mbao za kukanyagia peke yake. Ikiwa boriti zilizo chini ni nzima, mtu yeyote mwenye subira, msumeno na pima maji anaweza kuifanya kazi hiyo kwa siku chache.

Ya pili ni boriti. Hii inawezekana kwa mwenye nyumba aliye na msaidizi na vifaa vya kuegemeza, mradi sakafu haiko juu sana kutoka ardhini na boriti hizo hazibebi kitu kingine isipokuwa sakafu.

Ya tatu ni nguzo na paa. Katika nyumba nyingi za zamani, nguzo zinazobeba paa la veranda hazifiki ardhini. Zimesimama juu ya boriti ya ukingoni. Anayeondoa boriti hiyo bila kuegemeza paa kwanza huweza kuangukiwa na paa zima. Hapa mwenye nyumba hatakiwi kujaribu. Kazi hii ni ya fundi aliyehitimu, na akibidi, mhandisi.

Ngazi hizi zinahusu pia vibali. Sheria ya Mipango ya Ardhi ya 2019 inataka ruhusa ya kaunti kabla ya ujenzi wowote unaohesabiwa kuwa uendelezaji. Kwa hivyo mkazi anayetaka kupanua veranda, kuongeza paa, kuifunga iwe chumba au kubadilisha nguzo zinazobeba jengo anatakiwa kwenda kwanza kwa idara ya mipango ya kaunti, City Hall, kabla ya fundi kugusa chochote. Kubadilisha ubao mmoja kwa mwingine wa kipimo kile kile ni matengenezo, lakini hata hapo ni busara kupiga picha hali ilivyokuwa kabla ya kazi.

Nyumba iliyotangazwa kuwa turathi chini ya Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya 2006 haiguswi bila idhini ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya. Mpangaji naye anapaswa kupata ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi, ikionyesha nani atalipia mbao, ili kodi isije ikawa chanzo cha ugomvi baadaye. Mpangaji aliyeona mbao zimeoza na akaandika barua yenye tarehe na picha amejilinda, hata kama hana uwezo wa kuzibadilisha.

Kununua mbao

Katika yadi za mbao za Dagoretti Corner, Kawangware na Gikomba, mbao huuzwa kwa futi na hutajwa kwa inchi: 6 kwa 1, 4 kwa 2, 6 kwa 2. Mbao za kawaida ni saiprasi, paini, mkaratusi na mgrivelia. Mbao ngumu kama mvule na mahogani hupatikana pia, nyingi zikiwa zimetoka nje ya nchi. Marufuku ya ukataji miti katika misitu ya umma, iliyoanza Februari 2018 na kuondolewa Julai 2023, iliwazoesha wafanyabiashara wengi kuagiza mbao kutoka nchi jirani, na mnunuzi hana budi kuuliza ubao umetoka wapi na ni wa mti gani.

Saiprasi hufaa kwa sakafu ya veranda kwa kuwa moyo wa mti wake hustahimili kuoza kwa kiasi, lakini sehemu nyeupe ya nje, iliyo karibu na gamba, haistahimili. Paini isiyotibiwa haifai kabisa mahali panaponyeshewa. Mkaratusi una nguvu, ila hujipinda na kupasuka ukikauka vibaya.

Swali kubwa kuliko aina ya mti ni ukavu. Mbao nyingi huuzwa zikiwa mbichi. Ubao mbichi wa upana wa inchi 6 hupungua milimita kadhaa ukikauka, na ukiwa umepigiliwa tayari utapasuka au kujipinda. Mkazi asiye na kipimo cha unyevu anaweza kutumia mizani ya dukani. Ubao mmoja hupimwa uzito na kuandikwa, kisha mbao zote hupangwa kivulini juu ya vipande vidogo vya mbao ili hewa ipite katikati. Ubao ule hupimwa kila wiki. Unapoacha kupungua uzito, umekauka kadiri hewa ya Nairobi inavyoruhusu. Kwa mbao za inchi 1, hilo huchukua wiki kadhaa, na kipindi kizuri ni Januari na Februari.

Hesabu ya mahitaji ni rahisi. Chukua veranda ya futi 6 kwa 16, ambayo boriti zake hutoka ukutani kwenda nje na mbao za kukanyagia hukimbia kwa urefu. Boriti zikiwekwa kila baada ya inchi 16, zitahitajika 13, kila moja ya futi 6, yaani futi 78 za 6 kwa 2. Upana wa futi 6 hujazwa na safu 12 za mbao za inchi 6, kila moja ya futi 16, yaani futi 192. Ikiongezwa sehemu ya kumi kwa ajili ya vipande vitakavyoharibika, ni kama futi 210 za 6 kwa 1. Kila ubao hupigiliwa misumari miwili kwenye kila boriti: 12 mara 13 mara 2, yaani misumari 312. Mwenye hesabu hii mkononi anaweza kuuliza bei katika yadi tatu na kulinganisha kitu kimoja kwa kingine. Asiye nayo hununua kwa kukisia, na mara nyingi hulipia safari ya pikipiki mara mbili.

Kubomoa sakafu ya zamani

Kabla ya siku ya kwanza, familia nzima ielezwe kwamba mlango wa verandani hautatumika, na ufungwe kwa kufuli. Watoto na wageni hukumbuka njia waliyoizoea, na giza likiingia hawaoni shimo.

Rangi ya zamani inaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo hudhuru akili za watoto wadogo hata kwa kiasi kidogo. Isipigwe msasa ikiwa kavu. Mbao zenye rangi hiyo hulowanishwa kwanza, hutolewa zikiwa nzima, na vumbi hufagiliwa likiwa na maji. Ikiwa paa au dari ya veranda ni ya asbestosi, isitobolewe wala kuvunjwa. Asbestosi ni taka hatari kisheria, na huondolewa na watu wenye leseni ya NEMA.

Anayebomoa hasimami juu ya mbao anayoing'oa, wala juu ya mbao yenye alama ya chaki. Hulaza mbao mbili nene juu ya boriti alizozichunguza na kukanyaga hizo. Kazi huanzia ukingo wa nje kuelekea ukutani, ubao mmoja baada ya mwingine, kwa mtaimbo na nyundo. Msumari uliokataa hukatwa kwa msumeno wa chuma badala ya kuvutwa hadi boriti ipasuke. Misumari yote huwekwa katika kopo mara moja. Ulioachwa majanini utapatikana na mguu wa mtoto.

Mbao zikishaondoka, boriti huonekana wazi kwa mara ya kwanza. Huu ndio wakati wa kuzichunguza tena kwa bisibisi, na wakati wa kubadilisha uamuzi. Mtu aliyedhani ana kazi ya ngazi ya kwanza akakuta boriti zimeoza ukutani, asiendelee kwa kuwa tu amekwisha kuanza.

Kutengeneza boriti

Boriti iliyooza juu tu, kwa kina kidogo, hukwanguliwa hadi mbao nzima ionekane, hukaushwa na kupakwa dawa ya mbao. Iliyooza zaidi ya theluthi moja ya kimo chake hubadilishwa yote. Iliyo katikati ya hali hizo mbili inaweza kuongezewa ubavu: boriti mpya ya kipimo kile kile hulazwa kando yake na kufungwa kwa bolti, ikiipita sehemu mbovu kwa angalau futi 2 kila upande. Mbao iliyooza hukatwa na kuondolewa kabisa, pamoja na angalau futi moja ya mbao inayoonekana nzima baada yake, kwa kuwa kuvu hutangulia mbele ya macho. Ikiwa ncha iliyooza ni ile inayoingia ukutani, ubavu hautoshi mpaka boriti mpya nayo iwe na mahali pake pa kulalia.

Boriti ya 6 kwa 2 ya saiprasi, zikiwa zimepangwa kila inchi 16, isiachwe ining'inie zaidi ya futi 7 bila egemeo. Veranda pana zaidi huhitaji boriti kuu katikati yenye nguzo zake. Boriti inayoingia ukutani huachiwa nafasi ya hewa pande zote mbili na mwisho wake, na chini yake huwekwa kipande cha karatasi ya lami ili mawe yasiipe unyevu. Nguzo fupi nazo zisizikwe ardhini. Zisimame juu ya zege au jiwe, na karatasi ya lami katikati.

Wakati wa kuinua boriti kwa jeki ya gari, jeki ikae juu ya ubao mpana, na egemeo la mbao au mawe lijengwe kando yake kadiri boriti inavyopanda. Hakuna anayeingia chini ya kitu kinachoshikiliwa na jeki peke yake.

Kupigilia mbao mpya

Hapa sakafu ya nyumba huachana na sitaha ya chombo cha baharini. Mafundi wa majahazi wa Matondoni, katika kisiwa cha Lamu, hubana mbao pamoja na kuzitia kalafati, yaani pamba iliyolowekwa mafuta, hadi maji yasipate pa kupita, kwa kuwa chini yake kuna shehena na watu. Veranda iliyo wazi hutaka kinyume chake: maji yapite upesi na hewa ipande. Mwenye nyumba anayezibana mbao za veranda ili zionekane nadhifu huwa ameyafungia maji katikati. Lakini kanuni moja wanayoishika mafundi wa pwani inafaa kote: ncha ya ubao ndiyo mdomo wake, na mdomo ulioachwa wazi hunywa.

Kwa hiyo kila ncha iliyokatwa hupakwa dawa ya mbao na rangi mara mbili kabla ya kuwekwa mahali pake, kwa kuwa ikishapigiliwa haifikiwi tena. Mbao kavu huachiwa nafasi ya milimita 5, kipimo ambacho msumari wa inchi 4 uliowekwa katikati hutosha kukikadiria. Ubao wa kwanza hunyooshwa kwa uzi. Ukipinda huo, zote zitapinda.

Misumari iwe ya kupakwa zinki, au skrubu zisizoshika kutu, kwa sababu dawa zenye shaba hula chuma cha kawaida. Urefu wake uwe mara mbili na nusu ya unene wa ubao au zaidi. Huingizwa inchi moja kutoka ukingo, na karibu na ncha hutobolewa kwanza kwa drili ili ubao usipasuke. Maungo ya mbao mbili hukutana katikati ya boriti, na maungo ya safu mbili zinazofuatana hayawekwi juu ya boriti moja. Ubao wa inchi 1 ukipigwa randa hupungua unene; anayetaka sakafu laini anunue ya inchi moja na nusu.

Kumalizia, na onyo kuhusu oili chafu

Katika mitaa mingi mbao hupakwa oili chafu iliyotolewa kwenye injini, kwa kuwa inapatikana bure au kwa bei ndogo katika gereji. Oili hiyo ina metali nzito na kemikali zinazoweza kusababisha saratani. Veranda ni mahali ambapo watoto hutambaa na watu hukaa bila viatu. Mvua nayo huiosha hadi kwenye mtaro, na mitaro ya Dagoretti na Westlands huishia katika Mto Nairobi, Kirichwa na Motoine. Isitumike.

Badala yake hutumika dawa ya mbao ya dukani kwa kufuata maelezo yake, kisha rangi ya nje au mafuta ya kitani. Anayetumia mafuta ya kitani ajue kwamba matambara yaliyolowa mafuta hayo yakikunjwa na kurundikwa huweza kuwaka yenyewe baada ya saa chache. Hutandazwa nje moja moja mpaka yakauke, au hulowekwa kwenye ndoo ya maji.

Mabaki ya mbao

Mbao za zamani zisizo na rangi wala dawa zinaweza kuwa kuni. Nyingine zote hazifai. Nguzo na mbao zilizotibiwa kiwandani, ambazo huonekana zenye rangi ya kijani, mara nyingi zimetiwa shaba, kromiamu na aseniki. Zikichomwa, aseniki hutoka na moshi, na nyingine hubaki kwenye majivu. Zisipikiwe chakula, zisiuzwe kwa wachoma nyama, na majivu yake yasimwagwe kwenye sukumawiki wala kwenye banda la kuku. Mabaki hayo, pamoja na mbao zenye rangi, hufungwa na kukabidhiwa mzoaji taka aliye na leseni, naye aambiwe ni nini.

Baada ya kazi

Sakafu mpya hailindwi na rangi peke yake. Kila mwaka mwezi wa Februari, kabla ya mvua, mfereji wa paa usafishwe, majani yaliyokwama katikati ya mbao yaondolewe kwa kisu, vyungu vya maua viinuliwe juu ya vigae na vihamishwe mahali, na udongo uondolewe ili ubaki chini ya mbao kwa angalau inchi 6. Mtu aingie chini na tochi, adunge bisibisi kwenye ncha za boriti ukutani, na aandike tarehe kwenye boriti kwa chaki.

Kazi hiyo ya kila mwaka huchukua asubuhi moja. Veranda iliyochunguzwa hivyo hubeba watu wake ishirini siku ya harusi au ya matanga, mvua ikinyesha, bila mtu hata mmoja kuiwazia sakafu iliyo chini ya miguu yake.